Probox yangu inalala na chaji, inaamka haina: shajara ya kutafuta umeme unakoenda

Naandika hii ili mwenye gari inayokufa betri usiku asipite nilikopita mimi. Gari ni Toyota Probox, injini 1NZ, betri NS60 ya 45Ah (ampia-saa, ndo ujazo wake). Naishi Shangani, Mtwara, bahari naisikia nikiwa kitandani, na hilo lina mchango wake huko mbele. Nitakuwa naongezea kila hatua ikiisha na pesa iliyotoka naiandika humohumo.

Jumamosi, 21 Septemba 2024: tak tak tak

Mara ya tatu mwezi huu. Unaiacha gari jioni iko freshi, ikikaa siku mbili bila kutoka ukipiga stata inakujibu tak tak tak, taa za dashibodi zinafifia kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Nikifungua boneti nakuta vichwa vya betri vina ule unga mweupe na wa kijani, huku pwani chumvi ya hewani haina huruma na chuma chochote. Nikasema aah mchawi kashapatikana.

Nilichofanya: nimetoa waya hasi kwanza kisha chanya (ukianza na chanya spana ikagusa bodi utaona cheche ambayo hutaisahau), nimemwagia maji ya uvuguvugu yenye magadi soda mpaka povu likaisha, nikapiga msasa, nikafunga, grisi juu kidogo. Nimefungua pia ule waya unaotoka bodi kwenda injini, huo nao ulikuwa na kutu, msasa pia. Suruali imepata matundu mawili ya tindikali, ilikuwa ya kazini.

Gharama: magadi soda 500, msasa 1,000, kuchaji betri kwa fundi chaji 3,000.

Jumamosi, 28 Septemba: nimenunua betri, sijapima kitu

Usafi ulinipa siku nne za furaha, Alhamisi asubuhi tak tak tak tena. Kila niliyemuuliza alisema betri imechoka mwalimu, nunua mpya, na mimi nikaona ndo hivyo maana ina miaka miwili na joto la huku linazimaliza betri haraka. Nimeenda dukani mjini, NS60 mpya 170,000, ya zamani wakaipokea kwa 15,000, nimetoa 155,000.

Naliandika hili kwa uchungu. Ile betri ya zamani sikuipima hata mara moja, saivi nina hakika nusu kwa nusu kwamba ilikuwa nzima na mimi nimeenda kuiuza kwa bei ya kuku wa kienyeji.

Jumatano, 2 Oktoba: betri mpya nayo imekufa, na kosa lililokuja kunigharimu

Siku nne tu. Nilikuwa nimepanga kwenda Nanyamba kwa mama, msimu wa korosho ndo unafunguka na yeye anataka magunia yapelekwe AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) mapema. Gari kimya. Shemeji yangu (mdogo wake mke wangu, kijana mzuri ila ana haraka) akaita jirani mwenye Noah tubusti (kuazima umeme wa betri yake kwa waya).

Sasa hapa sikilizeni. Mi nilikuwa naongea na mama kwenye simu namwambia nakuja, shemeji akachomeka waya, upande wa Noah sawa upande wangu kinyume, nyekundu kwenye hasi. Ikapiga cheche PAA, kakipande ka risasi ya kichwa cha betri kakayeyuka, shemeji akarusha waya chini akaruka nao. Haikufika hata sekunde mbili. Tukakagua, fyuzi kubwa nzima, tukageuza waya, gari ikawaka, tukacheka, nikaenda Nanyamba na kurudi hamna shida yoyote. Nikaona tumepona.

Kwa anayefuata hii: nyekundu chanya kwa chanya, nyeusi kwenye hasi ya gari nzima, na ncha ya mwisho ya nyeusi unabana kwenye chuma cha injini ya gari iliyokufa, sio juu ya betri yenyewe, maana betri inayochajiwa inatoa gesi ya haidrojeni na cheche ikiwa karibu nayo sio kitu cha kuchezea. Na usiwe kwenye simu.

Jumamosi, 5 Oktoba: fundi anasema alteneta, mi nabisha

Nimemwendea fundi umeme pale Chuno, mzee wa makamo anafanyia kazi chini ya mwembe. Nikamweleza yote isipokuwa zile cheche, niliona aibu. Akasikiliza, akasema "mwalimu, hiyo alteneta." Yaani kile kidude kinachozungushwa na injini ili kuchaji betri. Hakushika kitu, hakufungua boneti. Nikamuuliza umejuaje, akanambia tu leta Jumatatu niishushe. Nikaona huyu anataka hela. Nikaondoka nikanunua multimita ya kichina, ile ya njano, 18,000.

Vipimo vyangu vya kwanza, na hivi kila mtu anaweza kufanya bila fundi:

Gari imezimwa, taa kubwa nimewasha dakika moja kisha nimezima (ili kuondoa ile chaji ya juujuu inayodanganya ukipima tu baada ya kuzima injini): 12.60V. Betri iliyojaa inasoma 12.6 mpaka 12.7. Ikiwa 12.2 iko nusu hivi, ikishuka chini ya 12 usitegemee stata.

Injini inanguruma, taa zote na feni vimewaka: 14.2V. Hapo nikapiga kofi kwenye paja. Alteneta ikiwa inachaji inatakiwa kusoma kama 13.8 mpaka 14.5, kwa hyo yangu inachaji na fundi kadanganya! Nikampigia shemeji kumtangazia. (Shikeni hii, nitakuja kuila.)

Asubuhi yake: 12.38V. Usiku mmoja imeshuka hivyo bila gari kuguswa.

Usiku uliofuata nimechaji tena, alafu nikatoa waya hasi nikaulaza pembeni. Asubuhi 12.58. Betri yenyewe haishuki ikiachwa peke yake, inashuka ikiwa imeunganishwa na gari. Kipimo hiki kinahitaji spana namba kumi na usingizi tu, ningekifanya mapema ile laki na nusu ingekuwa mfukoni.

Kwa hyo kuna kitu kinanyonya gari ikiwa imelala. Kuanzia leo kila jioni natoa waya hasi, asubuhi narudisha. Gari inawaka kila siku. Usumbufu ni kwamba redio inasahau kila kitu na majirani wanauliza kama nauza gari.

Jumamosi, 12 Oktoba: sifuri ya uongo

Hii ndo sehemu iliyonipotezea siku nyingi kwa hyo naieleza polepole.

Namna ya kupima unyonyaji: gari imezimwa, ufunguo mfukoni, kitufe cha taa ya mlango nimekibana kwa selotepu ili gari ijue mlango umefungwa. Unatoa waya hasi kwenye betri, multimita unaiweka katikati, ncha moja kwenye waya ncha nyingine kwenye kichwa hasi cha betri, yaani umeme wote unaotoka unapita ndani ya mita. Gari iliyolala inatakiwa kunyonya kidogo sana, miliampia 20 mpaka 50, kwa ajili ya saa ya redio na kumbukumbu za kompyuta.

Nikaweka mita kwenye 200m (miliampia 200), nikagusisha. Ikasoma namba moja ya ajabu kufumba na kufumbua alafu 00.0. Nikagusisha tena, 00.0. Nikatulia dakika kumi, 00.0.

Hamna kinachonyonya hata kidogo! Nimefurahi sekunde tano alafu nikaanza kuchanganyikiwa, maana usiku bila waya betri haishuki, usiku na waya inashuka, na mita inasema waya haupitishi kitu. Jirani mmoja mtu mzima akanambia mwalimu kuna mambo sio ya spana, ukitaka nikupeleke kwa mtu. Nikamshukuru. Usiku huo nimeacha waya umeunganishwa makusudi, asubuhi 12.39. Mita inasema sifuri, betri inashuka.

Jumatatu, 14 Oktoba (Nyerere Day): nimemkamata muongo

Sikukuu, shule hamna, nimekaa na gari toka saa moja asubuhi. Nimerudia kipimo, sifuri. Nimekaa nimeiangalia tu gari na mita imening'inia, mara nikaona redio: saa haiwaki. Nikabonyeza honi, kimya. Nikafungua mlango na kutoa selotepu, taa ya ndani haiwaki.

Kama umeme ungekuwa unapita kwenye mita, hata kidogo, saa ya redio ingewaka. Gari ilikuwa imekatika kabisa. Kumbe mita yenyewe ndo imekata njia!

Nimeifungua mita, ndani kuna kafyuzi ka kioo, kameungua, kana weusi ndani kama kioo cha taa ya chemli. Mita hizi za bei rahisi zina matundu matatu, la katikati ni la volti na miliampia, na hilo la miliampia lina fyuzi ndogo sana, lingine limeandikwa 10A. Mi nilipima volti wiki nzima, waya mwekundu ukabaki tundu la katikati, nikazungusha tu kitasa. Umeme uliokuja ulikuwa mkubwa kuliko fyuzi, ikaungua papo hapo, na kibaya zaidi volti bado inapima vizuri tu kwa hyo huwezi kujua kama imekufa upande mmoja.

Fyuzi mbili za kioo kwa fundi redio 1,000. Waya mwekundu nimeuhamishia tundu la 10A, kitasa kwenye 10A. Na usipige stata wala kuwasha taa kubwa mita ikiwa imeunganishwa hivyo, stata inavuta ampia zaidi ya mia, tundu la 10A kwenye mita kama yangu halina hata fyuzi ya kulilinda.

Nikagusisha: 0.91A. Nikasubiri nusu saa labda kuna kitu kinachelewa kulala, 0.91 ileile.

Piga hesabu: 0.91 mara saa kumi za usiku ni kama 9Ah. Betri ina 45. Usiku mmoja imekula moja ya tano, siku nzima bila kutoka umebaki na nusu, siku ya pili tak tak tak. Namba zote zikakaa mahali pake nikajisikia kama nimetoka kuoga.

Jumamosi, 19 Oktoba: fyuzi mojamoja, na mgeni chini ya kapeti

Mita imeunganishwa, shemeji anaangalia namba, mi nachomoa fyuzi moja, anapiga kelele namba, narudisha. Za ndani zote 0.91, 0.91, 0.91, mpaka nilipochomoa iliyoandikwa DOME akapiga kelele "arobaini!" nikadhani digrii. Imeshuka mpaka 0.40.

Fyuzi hiyo inalisha taa ya ndani na redio. Taa haikuwa imewaka, imebaki redio. Na hapo nikakumbuka, mwezi wa nane nilifungiwa redio ya android na kijana mmoja, akanisifia kwamba sasa inapiga hata bila ufunguo. Nimeivuta nje. Nyuma ya redio kuna waya wa njano ambao unatakiwa kuwa na umeme muda wote kwa ajili ya kumbukumbu, na mwekundu ambao unatakiwa kupata umeme ukiwasha ufunguo tu. Kijana kavisokota pamoja na kuvifunga kwa nailoni. Kwa hyo redio ilikuwa hailali, kioo kinabaki na saa tu lakini ubongo uko macho mpaka asubuhi.

Kuna na waya wa bluu, huo kazi yake ni kuiamsha amplifaya. Nikajiuliza amplifaya ipi, mi sina mziki wa hivyo. Nikaufuata, unapita chini ya kiti, chini ya kapeti, mpaka buti pembeni ya tairi la spea, pale nikakuta amplifaya imelala na kataa kake ka kijani kanawaka. Kijana wa Dar aliyeniuzia gari alitoa spika zake zote akaniachia amplifaya ambayo haijaunganishwa na spika hata moja. Miezi yote hiyo ilikuwa imelala, redio mpya ndo imekuja kuiamsha, na sasa inakula umeme usiku kucha ikipiga mziki kwa kapeti.

Marekebisho: mwekundu nimeupeleka kwenye waya unaopata umeme kwa ufunguo (unautafuta kwa mita: ufunguo ukiwa ACC, ile hatua ya redio kabla ya kuwasha injini, 12V, ufunguo umetoka 0V), njano umebaki peke yake, bluu nimeukata na kuufunga, amplifaya nimeing'oa na waya wake mnene mpaka kwenye betri. Gharama sifuri, selotepu ya umeme nilikuwa nayo.

Kipimo cha mwisho: 0.40A. Imepungua zaidi ya nusu ila kazi haijaisha. 0.40 bado ni kama 4Ah kwa usiku.

Jumapili, 20 Oktoba: nimechomoa kila kitu na bado

Zote za ndani, zote za chini ya boneti, mpaka relei. Gari haina fyuzi hata moja (zimepangwa kwenye trei ya mayai kwa mpangilio, piga picha kabla hujachomoa!) na mita bado inasoma 0.37. Nimekaa chini kwenye kivuli nikala ming'oko iliyobaki jana, nikiwaza ni waya gani unatoka kwenye betri bila kupita kwenye hizi fyuzi. Ni ule mnene wa stata, na ule mnene wa alteneta.

Alteneta.

Nikatoa waya hasi wa betri, nikafungua nati ya nyuma ya alteneta, nikautoa waya mnene na kuufunga selotepu ncha nzima (huo una umeme muda wote, ukigusa bodi betri ikiwa imeunganishwa utalia), nikarudisha fyuzi zote kisha mita. 0.03A. Miliampia thelathini, gari iliyolala inavyotakiwa.

Nimefunga kila kitu, nimeunganisha betri, na sijamwambia shemeji mpaka kesho.

Jumamosi, 26 Oktoba: nimerudi chini ya mwembe

Nimeenda Chuno saa moja kasoro asubuhi na soda baridi mkononi, gari imelala na waya umeunganishwa, ikawaka kwa taabu. Nikamsimulia fundi kila kitu na safari hii cheche nazo. Hakucheka. Akanambia ungenambia siku ile.

Kesho yake akaja kwangu yeye mwenyewe alfajiri kabla gari haijawashwa, akaingiza mkono chini pembeni ya injini, akaniita "mwalimu, weka mkono hapa, sasa weka na hapa." Injini ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani, alteneta ilikuwa vuguvugu. Usiku mzima imezimwa na ina joto! Ni umeme unaorudi nyuma kutoka kwenye betri.

Maelezo yake kwa lugha yangu: alteneta inatengeneza umeme unaoenda na kurudi, ndani yake kuna dayodi zinazoruhusu upite upande mmoja tu kwenda kwenye betri, kama valvu ya pampu ya baiskeli. Zikivuja kidogo, bado zinachaji vizuri, ndo maana ulisoma 14.2, ila ukizima gari betri inarudisha umeme kupitia hapo panapovuja. Na kubusti kinyume ni njia nzuri kabisa ya kuua dayodi. Siwezi kuapa kwamba ni siku ile, ila hamna siku nyingine ninayoijua.

Nilikuwa nimejaribu kupima mawimbi ya AC (ule umeme unaoenda na kurudi) kwenye betri injini ikinguruma, mita yangu ikaleta 31V, namba ya kijinga. Fundi akasema mita hizi za njano ukipima AC kwenye betri zinachanganya na ile DC ya betri (umeme wa upande mmoja), usiiamini. Ya kwake ikasoma 0.9V ya AC. Nzima inatakiwa kuwa chini sana ya hapo, hata nusu volti ni dalili mbaya.

Kwa hyo alikuwa sahihi toka siku ya kwanza. Ila angeishusha siku ile na kuitengeneza, redio ingeendelea kuua betri na mi ningemwita tapeli. Nimemwambia hivyo, akasema ndo maana wateja wanatakiwa kusema ukweli, nikanyamaza.

Jumamosi, 2 Novemba: alteneta chini

Kuishusha na kuirudisha saa mbili. Kwenye sahani inayobeba dayodi, dayodi moja ilikuwa imepata weusi kwenye mguu wake, amelehemu sahani nyingine ya mtumba iliyotoka kwenye alteneta ya IST, injini za familia moja hizo. Akaona na kaboni zimebaki fupi akabadilisha humohumo.

Sahani ya dayodi 30,000, kaboni 5,000, ufundi 25,000.

Baada ya kufunga: chaji 14.3V, AC 0.05, unyonyaji 0.03A. Mikono yangu ndo iliyoshika mita safari hii, waya mwekundu kwenye tundu la 10A, na nimeangalia taa ya ndani inawaka kwanza.

Jumamosi, 16 Novemba: kipimo cha kweli

Nimeenda Masasi kwa basi siku tano kwenye msiba, gari nimeiacha nyumbani imeunganishwa makusudi, sijatoa waya. Kabla ya kuondoka 12.64, nimerudi 12.55. Nimepiga stata mara moja tu. Betri hii mpya imeshashushwa mpaka chini mara kadhaa na betri za risasi hazipendi kabisa hilo, kwa hyo nitaendelea kuipima kila mwezi nione kama imeumia.

Jumla niliyotoa ni 238,500, kati ya hiyo betri 155,000 ambayo pengine haikuhitajika. Amplifaya nimemuuzia kijana wa bajaji wa Magomeni kwa 40,000, inafanya kazi vizuri sana. Nimemwonyesha waya wa bluu unapokaa.